Chuma Ndani ya Sikio: Namna ya Kupata Picha Safi ya CT kwa Mwenye Kipandikizi cha Koklea

Katika vijiji na mitaa yetu sasa wapo watoto na watu wazima wanaosikia kwa msaada wa kifaa kilichowekwa ndani ya sikio kwa upasuaji. Kifaa hicho huitwa kipandikizi cha koklea. Bado si wengi, kwa maana gharama ni kubwa. Wengine walifanyiwa upasuaji hapa Kenya, wengine wakaenda India baada ya harambee ya jamaa na majirani.

Sasa siku moja mtu kama huyo anaambiwa na daktari, "Nenda upigwe picha ya CT ya kichwa." Hapo ndipo maswali yanaanza. Je, mashine haitachoma kile kifaa? Mbona wengine wamerudi na picha yenye michirizi tupu, na daktari akasema haisomeki? Je, ni lazima arudie, alipe tena nauli na pesa za picha, na apate miale mara ya pili?

Katika makala haya tunataka kueleza mambo haya kwa lugha ya kawaida: kwa nini chuma huharibu picha, na nini kinaweza kufanywa ili picha iwe safi. Mengine ni kazi ya wataalamu. Lakini mengine, na hayo si madogo, yako mikononi mwa mgonjwa na jamaa yake.

KIPANDIKIZI CHA KOKLEA NI KITU GANI?

Koklea ni sehemu ya ndani kabisa ya sikio. Ina umbo la kombe la konokono, imejizungusha karibu mara mbili na nusu, na ukubwa wake ni kama punje ya minji. Ndani yake kuna nywele ndogo sana ambazo hugeuza sauti kuwa ujumbe wa kupelekwa kwa ubongo. Nywele hizo zikifa, au kama mtoto alizaliwa bila kazi yake, kifaa cha kawaida cha kuongeza sauti hakisaidii kitu. Ni kama kumpigia kelele mtu ambaye mlango wake umejengwa ukuta.

Kipandikizi hupita kando ya mlango huo. Kina sehemu mbili:

1. Sehemu ya nje. Hii ina maikrofoni, betri na kompyuta ndogo iitwayo prosesa, ambayo huvaliwa sikioni. Kuna pia kisahani kinachoshika juu ya ngozi ya kichwa kwa nguvu za sumaku.

2. Sehemu ya ndani. Hii iko chini ya ngozi, nyuma na juu kidogo ya sikio. Ina kasha la titani au kauri, sumaku, na uzi mwembamba wa silikoni unaoingia ndani ya koklea. Juu ya uzi huo kuna vituo vidogo vya platini viitwavyo elektrodi. Kwa aina nyingi zinazotumika leo, vituo hivyo ni kati ya 12 na 22. Kila kituo hupeleka umeme mdogo kwa mshipa wa kusikia.

Kazi hii haikuanza jana. Mwaka 1957 huko Paris, Djourno na Eyriès walijaribu kuamsha mshipa wa kusikia kwa umeme. Mwaka 1961 daktari William House aliendeleza kazi hiyo Los Angeles, na mwaka 1978 Graeme Clark wa Melbourne, Australia, akamwekea mgonjwa kifaa chenye vituo vingi.

NA PICHA YA CT JE?

Picha ya kawaida ya eksirei ni kivuli kimoja tu. Mifupa ya mbele na ya nyuma yote inalaliana juu ya karatasi moja. Mashine ya CT ni tofauti. Ina umbo la gurudumu kubwa la trekta lililosimamishwa, na mgonjwa hulala juu ya kitanda kinachoingia katikati ya tundu. Bomba la eksirei huzunguka kichwa likipiga miale kutoka pande zote. Upande wa pili vipo vipokezi vinavyopima ni miale mingapi imefaulu kupita. Halafu kompyuta hupiga hesabu na kutoa picha za vipande, kama mkate uliokatwa slesi.

Aliyetengeneza mashine hii ni Mwingereza Godfrey Hounsfield. Mgonjwa wa kwanza alipigwa picha London tarehe 1 Oktoba 1971. Hesabu za njia hii zilikuwa zimefanywa mapema na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, ambaye alianza kulifikiria jambo hili alipokuwa Cape Town. Mwaka 1979 wawili hao walipewa pamoja Tuzo ya Nobel ya tiba.

Katika picha ya CT kila kitu hupewa namba kulingana na jinsi kinavyozuia miale. Maji ni 0. Hewa ni 1,000 chini ya sifuri. Mfupa mgumu, kama ule unaozunguka koklea, hufika 1,000 hadi 2,000 na zaidi. Chuma kinapita hapo mbali sana. Shika jambo hili la namba, tutalirudia.

KWA NINI CHUMA HUHARIBU PICHA?

Chukua chupa ya lita moja. Ukiijaza maji, maji hayo yana uzito wa kilo 1. Ukiijaza titani, ni kilo 4 na nusu. Ukiijaza platini, ni zaidi ya kilo 21! Kwa hiyo vituo vya platini, hata kama ni vidogo kuliko kichwa cha pini, huzuia miale vibaya sana. Kasha na sumaku huzuia pia kwa sababu ni vinene. Matokeo yake ni mambo manne:

Kwanza, miale inachekechwa. Miale ya eksirei si ya nguvu moja. Ipo minyonge na yenye nguvu, imechanganyika. Chuma ni kama chekeche: kinanasa ile minyonge yote na kuachilia yenye nguvu tu. Kompyuta haijui hivyo. Inaona miale iliyopita ni yenye nguvu kupita kiasi, inakosea hesabu, na kuchora mabaka meusi kando ya chuma.

Pili, miale inakwisha. Mahali ambapo chuma ni kinene, miale inayofika kwa kipokezi ni michache mno. Ni kama redio inayoshika stesheni ya mbali: unapoongeza sauti, unaongeza pia ile ng'aa-ng'aa. Kwenye picha hiyo ng'aa-ng'aa huonekana kama michirizi mirefu inayotoka kwenye chuma kama miali ya jua.

Tatu, chuma kinavimba. Kituo cha platini huonekana kikubwa kuliko kilivyo, kama wino uliodondoka juu ya karatasi mbichi. Vituo viwili vilivyo jirani vinaungana na kuonekana kimoja.

Nne, mgonjwa anatingishika. Mtu akisogea, picha yoyote hufifia. Lakini akisogea na chuma kichwani, michirizi inazidi mara nyingi, kwa maana kompyuta inakiona chuma kilekile mahali pawili.

KWANZA SWALI, KISHA PICHA

Wengi hudhani ati picha ya CT ya kichwa ni moja tu. Sivyo. Picha hupigwa kwa namna tofauti kulingana na swali la daktari. Kwa mwenye kipandikizi, au anayetarajia kukipata, maswali huwa matatu:

(a) Kabla ya upasuaji: je, koklea ina umbo la kawaida? Watoto wengine huzaliwa na koklea isiyokamilika mizunguko. Wengine walipoteza kusikia kwa sababu ya homa ya uti wa mgongo, na baada ya ugonjwa huo koklea inaweza kujaa mfupa ndani, wakati mwingine kwa wiki au miezi michache tu. Ikishajaa, uzi hauna pa kupita. Ndiyo maana mtoto aliyepona homa hiyo lazima apimwe masikio haraka, asingojee mpaka muhula wa shule uishe.

(b) Baada ya upasuaji: je, uzi umekaa mahali pake? Ncha yake yaweza kujikunja ndani, uzi waweza kutoboa na kuhamia chumba cha juu cha koklea, au vituo vingine vikabaki nje. Mtu mzima atasema, "Sauti si nzuri." Mtoto wa miaka miwili hawezi kusema. Yeye ataendelea tu kukaa kimya, na watu watasema hafundishiki, kumbe uzi umekunjika. Miaka ya kwanza ndiyo miaka ya kujifunza lugha, na ikipotea hairudi kwa urahisi.

(c) Wakati wowote: je, kuna shida katika ubongo? Mtu mwenye kipandikizi anaweza kuanguka kwenye bodaboda, anaweza kupata kiharusi au uvimbe, kama mtu yeyote. Hapa daktari hatafuti elektrodi kabisa. Anatafuta damu iliyovuja, na hofu ni kwamba michirizi ya chuma inaweza kuifunika, hasa iliyo upande uleule wa kifaa.

Namna ya kupiga picha kwa swali la (b) si sawa na ile ya swali la (c). Kwa hivyo fomu ya daktari isiandikwe tu "CT ya kichwa". Iandikwe: mgonjwa ana kipandikizi cha koklea, sikio la kulia au la kushoto au yote mawili, aina yake ni hii, na swali letu ni hili. Mstari huo mmoja ni bure, na ndio unaomwezesha mpiga picha kupanga mashine sawasawa kabla ya kubonyeza kitu.

MATAYARISHO YASIYOGHARIMU KITU

Mashine ya bei kubwa haiwezi kumponya mgonjwa asiyetulia. Haya ndiyo mambo ambayo familia inaweza kufanya:

• Beba kadi ya kipandikizi. Kila aliyefanyiwa upasuaji hupewa kadi yenye jina la kampuni, aina ya kifaa, upande na tarehe. Ifunge kwenye karatasi ya nailoni, ukae nayo pamoja na kitambulisho. Piga nakala, moja ibaki nyumbani.

• Beba picha za zamani. Ukipewa sidii ya picha, usiitupe wala usimpe mtoto achezee. Picha iliyopigwa kabla ya upasuaji haina chuma, kwa hiyo inaonyesha kuta za koklea wazi kabisa. Daktari anaweza kuilinganisha na ile ya baadaye. Katika Chuo Kikuu cha Vanderbilt huko Marekani, watafiti wametumia kompyuta kulaza picha moja juu ya nyingine ili wajue kila kituo kiko wapi, kisha prosesa ikapangwa kufuatana na hapo.

• Ondoa kila chuma kinachoweza kutoka. Herini, vibanio vya nywele, pini za wigi, shanga za chuma kwenye masuke, miwani, na meno ya bandia yanayotoka. Prosesa na kile kisahani cha sumaku pia vitolewe, na mzazi avishike nje ya chumba. Kama sikio la pili lina kifaa cha kawaida cha kusikia, nacho kitolewe.

• Kubaliana juu ya ishara kabla ya kutoa prosesa. Jambo hili husahauliwa mno! Mpiga picha huzungumza kutoka chumba cha pili kwa spika: "Tulia. Usimeze mate. Tunaanza." Lakini mgonjwa ametolewa prosesa, hasikii hata neno moja. Kitanda kinaanza kwenda, anashtuka, anageuza kichwa, na picha imeharibika. Dawa yake ni rahisi. Kabla ya kutoa prosesa, mweleze kila hatua. Mpange ishara: mkono ukiinuliwa, tulia, kidole gumba, tumemaliza. Kama anajua Lugha ya Ishara ya Kenya, jamaa anayeijua amweleze, au hospitali itafute mkalimani. Au andikeni kwa herufi kubwa kwenye karatasi ionyeshwe kutoka dirishani. Anayejua kusoma kidogo atafuata.

• Mtayarishe mtoto nyumbani. Cheza naye mchezo wa kulala kimya kama gogo mpaka uhesabu ishirini. Mwonyeshe kwa sufuria kubwa namna kichwa kitakavyoingia kwenye tundu na kutoka. Mtoto mchanga mara nyingi hupigwa picha akiwa amenyonya, amevikwa vizuri na kulala. Lakini ikiwa hospitali imesema atapewa dawa ya usingizi, hapo ni kinyume: fuata saa za kukaa bila kula kama ulivyoambiwa, bila kumwonea huruma na kumpa hata uji kidogo. Akitapika akiwa usingizini ni hatari.

Mzazi anaweza kuruhusiwa kusimama karibu na mtoto akivaa aproni ya risasi. Mama mjamzito asikae chumbani. Aende baba, shangazi au nyanya.

KAZI YA MPIGA PICHA

Hapa tunaeleza mambo ya kitaalamu, si ili mgonjwa amfundishe mtaalamu kazi, bali ili ajue yanawezekana na aulize kwa heshima. Tunajua pia kwamba wapiga picha na manesi kadhaa husoma kurasa hizi, na katika kituo ambacho mgonjwa wa namna hii huja mara moja kwa mwaka, kukumbushana si vibaya.

Mkao wa kichwa. Michirizi hukaa ndani ya kipande kilekile ambacho kina chuma. Haipandi juu wala kushuka chini sana. Basi siri ni kuhakikisha kasha la chuma na mahali tunapotaka kuona haviko kwenye kipande kimoja. Kwa kuinamisha kidevu kuelekea kifuani, au kukiinua, mpiga picha anaweza kusogeza michirizi iende kando. Mashine nyingine huweza kuinamisha lile gurudumu lenyewe. Mkao mzuri pia huondoa macho kwenye njia ya miale. Haya yote hayaongezi hata senti moja.

Vipande vyembamba. Kati ya kituo na kituo cha elektrodi nafasi yaweza kuwa chini ya milimita moja kwa aina fulani, na zaidi ya milimita mbili kwa aina nyingine. Ukikata slesi ya milimita 5, vyote vinachanganyika humo. Kwa sikio, vipande viwe vya karibu nusu milimita, na picha ikuzwe kwenye sikio lenyewe badala ya kichwa kizima.

Nguvu ya miale. Kutoka kilovolti 120 kwenda 140 husaidia miale kupenya chuma. Mashine za kisasa huweza kutanguliza kichujio cha bati kinachonasa miale minyonge kabla haijamfikia mgonjwa. Kumbuka lile chekeche: ukishachekecha mapema, chuma hakina tena cha kuchekecha sana. Lakini kuongeza tu miale bila mpango si dawa, hasa kwa mtoto.

Kipimo kirefu cha namba. Tulisema kila kitu kina namba. Katika mpango wa kawaida wa mashine nyingi, hesabu inaishia 3,071. Platini inapita hapo, kwa hiyo vituo vyote vinaandikwa namba ileile ya mwisho, na vinaonekana bonge moja jeupe. Mashine nyingi zina mpango wa kipimo kirefu unaofika makumi ya maelfu. Ukiwashwa, na mwangaza wa skrini ukipanuliwa, lile bonge hugawanyika na vituo huanza kuhesabika kimoja kimoja: moja, mbili, tatu, mpaka ishirini na mbili. Hakuna miale ya ziada, ni namna tu ya kuhesabu na kutazama.

KIRAKA CHA KOMPYUTA: KIZURI, LAKINI ANGALIA

Mashine nyingi mpya zina programu ya kupunguza athari za chuma. Inavyofanya kazi ni hivi: kompyuta hutafuta zile hesabu zote zilizopita kwenye chuma, inazitupa, kisha inajaza pengo kwa kukisia kutoka hesabu za jirani. Ni kama kutia kiraka kwenye mkeka. Kwa mbali hutaona tundu.

Kwa swali la ubongo, kiraka hiki kinasaidia sana. Mahali palipokuwa peusi na michirizi, ubongo huonekana tena, na damu iliyovuja inaweza kutambuliwa.

Lakini kiraka si mkeka wenyewe. Karibu kabisa na chuma, programu inaweza kuleta kivuli ambacho hakipo, au kufuta kitu kilichopo. Kwa swali la elektrodi ni hatari zaidi, kwa sababu programu inaweza kukiondoa au kukipotosha kituo kilekile tunachotafuta! Kwa hiyo desturi nzuri ni hii: picha ihifadhiwe kwa namna mbili, yenye kiraka na isiyo na kiraka, na daktari asome zote mbili pamoja. Miale imepigwa mara moja tu, ni kompyuta ndiyo imehesabu mara mbili.

Njia ya pili ni kupiga kwa miale ya nguvu mbili tofauti, kisha kompyuta inatengeneza picha kana kwamba miale yote ilikuwa ya nguvu moja ya juu. Hii hupunguza yale mabaka meusi. Hata hivyo, ikizidishwa, tofauti ndogo za ndani ya ubongo hufifia. Wengi huichanganya na ile ya kiraka.

MASHINE NYINGINE

CT ya koni. Hii inajulikana zaidi kwa madaktari wa meno. Inapiga miale kwa umbo la koni, inaona vitu vidogo sana vya mfupa, na kwa kawaida hutumia miale michache. Michirizi ya platini huwa midogo. Ubaya wake ni kwamba inachukua sekunde nyingi zaidi, kwa hiyo mtoto anayechezacheza ataiharibu, na haionyeshi ubongo vizuri. Si kila mashine ya meno inafika kwenye sikio, uliza kwanza.

CT ya kuhesabu chembe za miale. Mwezi Septemba 2021 Marekani iliidhinisha mashine ya kwanza ya namna hii kwa hospitali. Vipokezi vyake huhesabu kila chembe na kupima nguvu yake, na inaweza kutoa vipande vya milimita 0.2. Kwa elektrodi ni neema kubwa. Lakini bei yake ni ya juu mno, hatusemi mgonjwa aitafute.

Eksirei ya kawaida. Tusiidharau! Ikiwa swali ni kama uzi umejikunja au umetoka, eksirei moja iliyopigwa kwa pembe maalum, kichwa kikiwa kimegeuzwa ili koklea ionekane kwa uso, huonyesha uzi ukijizungusha kama konokono. Ni ya bei nafuu na miale yake ni kidogo. Mara nyingi inatosha, na CT haihitajiki kabisa.

JE, MIALE SI HATARI?

CT moja ya kichwa kwa mtu mzima humpa karibu milisiviti 2. Binadamu kwa wastani hupata takriban milisiviti 2.4 kila mwaka kutoka ardhini, hewani na angani, hata kama hajawahi kuingia hospitali. Kwa hiyo picha moja yenye sababu nzuri si ya kuogopwa. Kinacholeta hasara ni kurudia-rudia kwa ajili ya uzembe. Watoto wanadhurika kwa urahisi kuliko watu wazima, na ndio wanaotingishika zaidi. Ndiyo maana tumesisitiza matayarisho: picha safi mara ya kwanza ndiyo kinga bora.

Una haki pia kuuliza kama kituo kina leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia ya Kenya, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2019.

MASWALI TUNAYOULIZWA

Swali: Je, CT itaharibu kipandikizi?
Jibu: La. Mwaka 2008 mamlaka ya dawa na vifaa vya tiba ya Marekani ilitoa tahadhari kwamba miale ya CT inaweza, kwa nadra sana, kusumbua vifaa vya elektroniki vya mwilini. Haikusema picha zisipigwe. Ondoa sehemu ya nje, pigwa picha, kisha irudishe na usikilize. Ukiona sauti imebadilika, rudi kwa kliniki ya masikio.

Swali: Mtu amepata ajali, na wengine wanasema asipigwe picha kwa sababu ana chuma kichwani. Tufanyeje?
Jibu: Apigwe CT mara moja! Damu inayovuja ndani ya fuvu haingojei mabishano. Huenda wanaosema hivyo wanachanganya CT na MRI.

Swali: Tofauti ni nini?
Jibu: CT hutumia eksirei. MRI hutumia sumaku kubwa sana, na sumaku hiyo yaweza kuvuta ile ndogo iliyo chini ya ngozi. Vipandikizi vingine vya kisasa vinaruhusu MRI kwa masharti, vingine vinahitaji kichwa kufungwa bendeji, vingine sumaku itolewe kwanza kwa upasuaji mdogo. Hapo ndipo ile kadi inaokoa. Bila kujua aina ya kifaa, mtu asiingizwe kwenye MRI.

Swali: Nani atalipa?
Jibu: SHA ilichukua nafasi ya NHIF mwezi Oktoba 2024. Kabla ya kusafiri, uliza hospitalini kama kituo hicho kina mkataba na SHA kwa picha hiyo na kama kibali kinahitajika mapema. Ni afadhali kuuliza ukiwa nyumbani kuliko kurudishwa ukiwa mlangoni.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Fomu iseme wazi: ana kipandikizi, upande gani, na swali ni nini.
2. Kadi ya kipandikizi na picha za zamani zisibaki nyumbani.
3. Panga ishara kabla ya kutoa prosesa.
4. Ondoa kila chuma kinachotoka.
5. Omba picha zihifadhiwe zote, vipande vyembamba, zenye kiraka na zisizo na kiraka, na upewe sidii.
6. Kwa swali la uzi tu, uliza kama eksirei ya kawaida itatosha.
7. Kwenye ajali, CT isicheleweshwe kwa sababu ya kipandikizi.

Tunawaomba viongozi wa vikundi, walimu wa shule za viziwi na wahudumu wa afya wa jamii wasome orodha hii mbele ya wazazi, na kuibandika mahali inapoweza kuonekana. Kama kuna familia katika eneo lako yenye mtoto mwenye kipandikizi, mpelekee nakala hii leo, wala usingoje mpaka aumwe.